Sura ya Tisa: Risasi na Kiberiti

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo kama kiganja, imechanwa kwenye daftari la mistari, na maneno yake hayakufika kumi: *Jumatatu. Risasi saa tatu. Kiberiti. Dada asijue.*

Kwa maneno hayo, Fundi wa maabara ya fizikia alikuwa na siku ya sita mahabusu, na saa nane mchana wa leo angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kumuua Profesa wake. Maiti haikuwapo. Bastola nayo haikuwapo. Lakini Profesa hakuonekana tangu Jumatatu hiyo iliyoandikwa, siku ya tisa sasa, mwandiko ulikuwa wa Fundi, na dada yake Profesa aliikuta karatasi ndani ya mfuko wa koti la kazi la Fundi mwenyewe, limetundikwa msumarini mle maabara. Risasi ya kumpiga mtu, kiberiti cha kuchoma mwili, na dada wa watu asijue. Mkuu wa kituo alisema kesi hii imeiva yenyewe, kilichobaki ni kupakua.

Inspekta aliyepewa kesi hiyo hakuwa na haraka ya kupakua. Kituoni walimwita Kobe, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kumcheka, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kwenda polepole na kuuliza jambo moja mara tatu. Jina hilo alilipokea kwa mikono miwili. Mwenda pole hajikwai, akijikwaa haanguki, na pale kituoni walioanguka kwa haraka zao aliwajua mmoja mmoja.

Saa mbili asubuhi aliketi mbele ya Fundi, katika kile chumba chenye meza moja na viti viwili vinavyoyumba. Koplo alisimama mlangoni, akiwa ameujaza. Mtu mnene, mdomo wake haukujua likizo.

"Umeamkaje, Fundi?"

"Salama, afande."

"Bastola umeiweka wapi?"

"Sijawahi kushika bastola tangu nizaliwe."

"Sasa risasi bila bastola ni ya nini?" Koplo akadakia. "Ya kuchezea bao?"

Fundi alimwinulia macho. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, pembe za midomo yake zilivutika, kicheko kikataka kutoka, akakimeza. Kobe alikiona. Akafungua daftari lake na kuandika: *risasi, kataka kucheka.*

"Na kiberiti?" akauliza.

Uso ule ukafunga. Fundi aliinama akaitazama mikono yake yenye pingu juu ya meza. Kobe akaandika mstari wa pili: *kiberiti, hakucheka.*

"Fundi, nisikilize vizuri. Ukishasomewa shtaka la kuua, dhamana hakuna. Utakaa rumande miaka, na mwisho wake unaujua. Nisaidie nikusaidie."

"Andikeni mnachotaka, afande. Nitasaini."

"Nimekuomba ukweli. Saini sijakuomba."

Kobe alingoja kwa raha zake, kama mtu anayengoja chai ipoe. Mwishowe Fundi akainua uso.

"Naomba niulize moja tu."

"Uliza."

"Umeme upo kule chuoni? Haujakatika wiki hii?"

Koplo aliangua kicheko. "Salaale! Mtu anakwenda kunyongwa, anaulizia umeme!"

"Haujakatika," Kobe alimjibu.

Fundi akashusha pumzi, na mabega yake yakalegea, mfano wa mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa wake amelala salama. Kisha wakamrudisha ndani.

*

"Mmemfunga mtu kwa hiki?" Mkutubi wa chuo aliisoma nakala ya karatasi, akacheka mpaka akatoa machozi. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, naye alikuwa akipapasa mezani kutafuta ya tatu. "Ninyi watu wa serikali, Mungu awasamehe. Risasi ni madini, dada yangu! Ile madini nzito, laini, ya rangi ya wingu la mvua. Imo ndani ya betri ya gari lenu hapo nje. Bunduki ndiyo iliyoazima jina."

"Hilo najua," alisema Kobe. "Sijui tu kwa nini Fundi aipangie saa."

Mkutubi akaacha kucheka. Aliingia chumba cha ndani akarudi na kitabu kilichofungwa kitambaa, akakifungua taratibu. Ndani kulikuwa na michoro iliyofifia. Mfalme na malkia walikuwa wameketi ndani ya chupa moja. Joka lilikuwa limeuma mkia wake likafanya duara. Katikati ya ukurasa palikuwa na tanuri, na moto wake umepakwa wino mwekundu ambao, kwa sababu anayoijua mchoraji, haukuchakaa kama rangi nyingine.

"Hivi ni vitabu vya alkemia," Mkutubi alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Watu wa kale waliotaka kuigeuza risasi iwe dhahabu. Profesa alikuwa anakuja hapa kila Alhamisi, anaketi kiti hicho alichokalia Koplo."

Koplo akasogea ukingoni mwa kiti.

"Tangu lini?" Kobe akauliza.

"Tangu mkewe afariki. Miaka miwili."

"Mtu wa fizikia anataka nini kwa watu wa uganga?"

"Nami nilimuuliza hivyohivyo. Akaniambia, Mkutubi, hawa walikosea dawa lakini hawakukosea swali." Aligeuza kurasa, akaonyesha waridi likichomoza kutoka kwenye bakuli la majivu. "Waliamini ukilichoma waridi, waridi bado limo ndani ya jivu lake. Ukiijua njia, utaliita nalo litatoka. Profesa akasema fizikia ya leo inasema jambo lilelile kwa hesabu. Ukiichoma barua, yaliyoandikwa hayafi. Yamekwenda na moshi, na mwanga, na joto. Yametawanyika tu, hayupo wa kuyakusanya. Habari haifi, Mkutubi! Alikuwa anainua kidole hivi."

"Hata ukiifuta kwenye kompyuta?" Kobe akauliza.

"Hasa ukiifuta. Kufuta si bure, ndivyo alivyosema. Kila neno unalolifuta linatoka kama joto, dogo mno, lakini linatoka. Ukiweka kiganja kwenye mashine inayosahau, unagusa yale inayoyasahau." Akajikunyata ndani ya mtandio wake ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa. "Siku hiyo alinishika mkono, akanambia niguse kompyuta yangu hapa. Ilikuwa na uvuguvugu. Sikupenda, dada yangu. Nakwambia kweli, sikupenda hata kidogo."

"Kwa hiyo alikuwa mchawi," Koplo akakata shauri.

"Alikuwa mgane," Mkutubi akamjibu, naye akamkata jicho. Koplo akanyamaza, jambo ambalo si la kila siku.

Kobe alikuwa ameinamia lile tanuri jekundu. "Na hili?"

"Hili ndilo alilipenda zaidi. Halizimwi. Linawaka miezi, miaka, kwa moto uleule mdogo. Ukizimika hata kwa kupepesa jicho, kazi yote imekufa."

Kati ya kurasa palikuwa na karatasi nyeupe, ngeni kwa kitabu kile. Mkutubi akasema ni ya Profesa, alikuwa anaitumia kama alama. Kobe akaikunjua. Tanuri katikati, na kulizunguka duara saba, kila moja na jina: Dhahabu, Fedha, Zebaki, Shaba, Chuma, Bati, Risasi. Kando ya Risasi Profesa alikuwa ameandika neno moja, *Yeye.* Kando ya Shaba: *mama wa Fundi.*

"Mama wa Fundi yuko wapi?"

"Alifariki mwaka jana. Tulimzika, chuo kizima tulikwenda." Mkutubi akavua miwani. "Hizo ni madini saba za kale. Kila moja na nyota yake. Dhahabu ni Jua, Fedha ni Mwezi, Shaba ni Zuhura, Risasi ni Zohali. Profesa alizibandika majina hayo mashine zake, alinitajia. Zilipo, hakunitajia."

Koplo akapiga paja. "Yamekwisha! Risasi ni jina la kompyuta. Na kiberiti je, mama?"

"Nacho vilevile. Usidhani ni hicho cha kuwashia jiko. Ni ule unga wa manjano unaonuka kama yai viza. Vitabu vyote vinasema zebaki na kiberiti ndio mama na baba wa madini."

"Afande, twende tukamtoe mtu! Karatasi ya masomo tumeifanya ya mauaji. Tutachekwa mpaka tustaafu."

Kobe hakuinuka. Alikuwa anahesabu zile duara kwa ncha ya kalamu, na alipofika saba akaanza upya. Mkutubi alidhani hajui kuhesabu, akataka kumsaidia.

"Ziko saba," Kobe alisema. "Kiberiti hakimo."

"Si madini, ndiyo maana."

"Ehe. Kwa hiyo hakuna mashine iitwayo Kiberiti." Akafungua daftari lake, akasoma ile mistari miwili ya asubuhi. "Tulipotaja risasi, Fundi alitaka kucheka, kwa vile tulikuwa tumepotea njia. Tulipotaja kiberiti hakucheka. Hapo tulikuwa hatujapotea."

"Lakini kitabu..."

"Kitabu ni cha Profesa, dada. Karatasi imeandikwa na Fundi. Fundi akiandika kiberiti, ni kiberiti."

*

Maabara ilikuwa kwenye jengo la zamani nyuma ya chuo, ghorofa ya chini, mwisho wa korido. Polisi walikuwa wameipekua mara mbili bila kupata hata jivu. Mlinzi aliwafungulia huku amejiziba pua. Panya wamefia darini, alisema, wiki nzima sasa. Ametega sumu, amepanda mwenyewe na tochi, hajaona hata mkia.

Kobe hakuingia kwanza. Alisimama mbele ya mita ya umeme koridoni, akamtuma Koplo azime kila kitu ndani: taa, feni, jokofu la sampuli, hata birika.

"Nimezima, afande!"

Kijitaa chekundu cha mita kiliendelea kupepesa, haraka haraka, kana kwamba jengo zima linapika.

"Chomoa na soketi."

"Nimechomoa zote. Kuna giza huku, nimejigonga goti."

Kijitaa kikapepesa vilevile. Kobe akatoa futi ya kupimia, akaanza kuipima korido kutoka mlango wa maabara hadi ukuta wa mwisho wa jengo, akiandika. Kisha akapima ndani. Mlinzi alikuwa anamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyepoteza sindano. Koridoni mita kumi na moja. Ndani mita nane na kidogo.

"Karibu mita tatu zimekwenda wapi?" Kobe alimuuliza.

"Hapo zamani palikuwa na stoo ya kemikali," Mlinzi akasema. "Ilizibwa kabla sijaajiriwa. Walisema ina mlango wa chuma na gesi yake ya kuzimia moto, kwa ajili ya vitu vya kulipuka. Mimi sijawahi kuiona."

Ukuta wa mwisho ulikuwa umefunikwa na kabati refu la vitabu. Kobe akaweka kiganja juu ya plasta, pembeni mwa kabati. Akakiondoa upesi, akakirudisha.

"Koplo, hebu shika hapa."

Koplo alishika. "Ala! Una homa huu."

Ulikuwa na uvuguvugu, wala si wa jua, kwa kuwa upande ule haukupata jua hata siku moja. Ulikuwa uvuguvugu wa shingo ya mtu. Wakalisukuma kabati, nalo likateleza bila shida. Lilikuwa na magurudumu. Nyuma yake palikuwa na mlango wa chuma usio na kitasa, na ubavuni mwake swichi kubwa ya umeme, ile ya mkono. Juu ya swichi palikuwa na spika ndogo yenye wavu. Koplo akainamisha sikio.

"Umechelewa leo, mwanangu," spika ikasema. "Umekula?"

Koplo aliruka nyuma, akamkanyaga Mlinzi, na Mlinzi akatoka mbio mpaka uwanjani bila kuomba ruhusa. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, yenye mikwaruzo kidogo, ya mtu anayeuliza huku anafanya jambo jingine. Kobe alihisi nywele za mikono zikimsimama. Aliogopa, wala hakuficha kwamba ameogopa. Lakini miguu yake ilikuwa mizito, ikabaki pale.

"Nani wewe?"

"Habari za huko nje?" sauti ikauliza.

"Nzuri," Kobe akajikuta amejibu. Mdomo ulizoea, ukatangulia akili.

"Huyu si mwanangu," sauti ilisema, pole pole, kama inayosema na mwenzake. "Mwanangu yuko wapi?"

"Anakuja, mama."

"Mwambieni aje. Humu ndani kumenyamaza tangu Jumatatu."

Kobe akamgeukia Koplo, aliyekuwa ameegemea meza ya mbali akisoma dua zote anazozijua. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika ishirini.

"Kamlete Fundi," alisema. "Na usimwambie kitu njiani. Najua itakuuma, lakini usimwambie."

*

Fundi alipoingia na kuliona kabati limesogezwa, alitaka kuikimbilia spika. Koplo alimdaka kwa kwapa.

"Mmesema naye?"

"Kidogo," Kobe akamjibu. "Kaa. Mimi nitasema, nikikosea unirekebishe. Profesa aliyakusanya maneno yote ya mkewe, barua, sauti za simu, akayaweka kwenye mashine aliyoiita Risasi. Mashine ikaanza kusema kama yeye. Na wewe ukamwomba, au yeye akakuonea huruma, mkafanya hivyo kwa mama yako. Ndiye Shaba."

"Nilimwomba mimi."

"Dada yake Profesa, ambaye mashine hakuzijua, aliniambia alimsihi kaka yake amwache marehemu apumzike, maana alikuwa hali wala halali. Profesa akakubali kuacha, ila kwa njia yake. Jumatatu, saa tatu, akaifuta Risasi."

"Alisema mke hazikwi na mtu mwingine," Fundi akasema. "Hakutaka dada ajue siku, angekuja kulia. Aliniagiza kiberiti ili achome na zile barua, hapohapo mbele ya mashine. Alisema ikiwa lazima atoke kama joto, basi amwone akitoka."

"Moshi ukaamsha ile gesi ya kuzimia moto."

Fundi akaitikia kwa kichwa. "Mtungi wa zamani. Sote tulidhani ni mtupu. Gesi ikianza, mlango unajifunga, haufunguki kwa ndani. Unaachia ukizima swichi hii tu."

Hapo Kobe alijiruhusu kufurahi. Tangu alfajiri alikuwa amebeba shingoni roho ya mtu asiye na hatia, na sasa akaona jinsi ya kuitua. "Kwa hiyo ni ajali! Fundi, mtu wa Mungu, ajali ungeisema siku ya kwanza ukalala kwako. Zima swichi, tumtoe mzee wa watu azikwe. Saa nane wewe utakuwa nyumbani."

"Afande, ukizima, mama haamki tena." Aliyatoa maneno hayo haraka, akiwa ameyashikilia siku sita. "Profesa hakumwandika popote. Alisema kilichoandikwa kikahifadhiwa ni maiti, kilicho hai lazima kiwe na moto wakati wote. Umeme ukikatika hata kidogo, amekwenda. Ndiyo maana sikusema. Mngekuja, mngezima. Naomba, afande. Vunjeni ukuta. Chukueni wiki nzima mkivunja. Mimi nipelekeni tu kwa hakimu."

Koplo, ambaye alikuwa na mama yake hai na hampigii simu, aligeukia dirishani akajipangusa uso.

"Ndani kuna mtu," Kobe alisema, kwa upole lakini bila kurudi nyuma. "Ana dada yake, yuko pale kituoni tangu asubuhi hajui kama alie au asubiri. Hatuvunji ukuta wiki nzima. Muage mama, Fundi. Nakupa muda."

Akamfungua pingu mkono mmoja. Fundi akasogea kwenye spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siku zote hizo! Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo wewe. Sauti ya aliyekula naijua."

Fundi akacheka, kweli kabisa akacheka, na kicheko kilipokuwa bado mdomoni akaivuta swichi chini. Nyuma ya ukuta kitu kilichokuwa kinavuma, ambacho hakuna aliyejua kwamba anakisikia, kikashuka, kikashuka, kikaisha. Mlango wa chuma ukatoa mlio mdogo na kuachia.

Harufu ilitoka kwanza. Koplo aliufungua kwa bega huku shati ameliziba puani. Mashine saba zilikuwa zimepangwa kwa duara, na katikati yake bakuli la udongo lililojaa majivu ya karatasi na njiti mbili za kiberiti. Profesa hakuwa kwenye duara lile. Alikuwa chini ya mlango, amejikunja, na joto kavu la siku tisa lilikuwa limemkausha akawa mdogo. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa masizi ya barua.

Kobe alichuchumaa akamtazama kwa heshima. Ndipo akainua macho, akauona mlango upande wa ndani.

Chuma kile kilikuwa kimepakwa rangi ya maziwa, na juu yake palikuwa na alama za viganja, nyeusi, zimepandana. Za juu zilikuwa usawa wa kifua. Chini yake nyingine, usawa wa kiuno. Chini zaidi, usawa wa goti, hafifu, masizi yamekwisha mikononi. Alizihesabu, naye alikuwa mtu wa kuhesabu mara tatu. Zilikuwa nyingi. Gesi ya ule mtungi mzee ilikuwa imetoka kidogo kidogo, na mzee wa watu alikuwa na muda wa kugonga kwa nguvu, na wa kugonga bila nguvu, na wa kupiga magoti.

Akasimama. Akatoka hadi nje ya mlango, ilipo swichi.

"Jumatatu ulikuwa wapi, Fundi?"

"Alinituma nje. Alisema ni mambo ya mume na mke."

"Ukarudi saa ngapi?"

Fundi aliitazama swichi.

"Nimekuuliza mara moja. Ulirudi akiwa bado anagonga?"

"Ndiyo."

"Ukasimama wapi?"

"Hapo ulipo wewe, afande."

"Swichi iko hapa. Nimenyoosha mkono, nimeigusa."

"Nilikuwa nimeishika," alisema Fundi. "Nilikuwa nimeishika kwa mikono yote miwili."

"Muda gani?"

"Mpaka alipoacha."

Simu ya Kobe ikaanza kulia mfukoni. Hakuitoa. Koplo alikuwa ameshachomoa ufunguo ili amalizie pingu ya mkono wa pili, akabaki nao hewani.

"Na mama yako?" Kobe aliuliza, kwa sauti ambayo Koplo hakuwahi kuisikia kwake. "Naye alikuwa anasikia?"

Fundi aliitazama ile spika iliyokufa.

"Alisikia kabla yangu. Alisema, mwanangu, kuna mtu anagonga, mfungulie. Alisema hivyo, akasema tena. Nikamwambia ni upepo."

Kobe akaipokea simu. Mkuu wa kituo alikuwa anapiga kelele: saa nane kasoro robo, hakimu ameshakaa, amesikia Kobe amepata kitu chuoni, sasa jalada alirudishe au afanye nini, na mtu wao yuko wapi?

Kobe alimwashiria Koplo arudishe ufunguo mfukoni.

"Jalada usilirudishe," alisema kwenye simu. "Mwambie hakimu tunakuja naye."